MAMA NA NYUMBA YAKE: Dawa ya Mbu Unayonunua Kila Jioni



Simama karibu na duka lolote la mtaani saa kumi na mbili jioni, utaona watoto wanakuja mmoja mmoja na sarafu mkononi. Huyu katumwa chumvi, yule kiberiti, wa tatu dawa ya mbu. Siku hizi dawa ya mbu imekuwa kama chumvi: kila nyumba hununua, kidogo kidogo, kila siku, na hakuna anayeketi chini kujumlisha. Mwezi huu nataka tujumlishe. Tena si fedha peke yake. Nataka tuulize kama hiyo dawa, pamoja na vyombo vingine vyote vya kufukuzia na kuulia wadudu warukao, kweli vinamkinga yule tunayetaka kumkinga.

Maana mbu si kero tu. Hapa Afrika, wengi wa wanaokufa kwa malaria ni watoto ambao hawajafikisha miaka mitano. Basi fedha ya kinga ikitumika vibaya, anayelipa deni ni mtoto.

Niseme mapema ninaloliamini: tunalipia mno harufu, moshi na mlio, na tunalipia kidogo mno wavu na misumari. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tumjue mgeni mwenyewe. Anayeuma ni mbu jike peke yake, naye hutafuta damu ili mayai yake yapevuke. Hatutafuti kwa kufuata taa ya chumbani. Hufuata hewa tunayoitoa puani, joto la miili yetu na harufu ya ngozi. Mbu nao si wa aina moja. Anofelesi, yule wa malaria, hutembea usiku, hasa watu wakiwa wamelala. Aedesi, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, huuma mchana. Ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kuleksi ndiye hasa mwenye ule wimbo wa kuudhi masikioni. Huzaliwa katika maji machafu ya vyoo na mitaro, na katika mwambao wetu ndiye aenezaye matende na mabusha. Kwa hiyo mtu akikuambia ana dawa moja ya kumaliza mbu wote, muulize anamsema mbu yupi, wa saa ngapi.

Sasa tuje kwenye ile dawa ya kijani iliyosokotwa kama konga la konokono. Ina historia ambayo sisi wanawake tungefaa kuijua. Mjapani aitwaye Ueyama Eiichiro alianza mwaka 1890 kutengeneza vijiti vya kufukizia mbu kwa unga wa maua ya pareto. Vijiti vilikuwa vifupi na vyembamba, vikiisha baada ya dakika 40 hivi. Mtu akishapitiwa na usingizi, kijiti kimezimika na mbu wamerudi. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa shauri mwaka 1895 kwamba kirefushwe na kusokotwa ili kiwake usiku kucha. Husimuliwa kwamba shauri hilo lilimjia alipomwona nyoka aliyejiviringisha. Umbo la mama huyo ndilo linalouzwa mpaka leo duniani kote.

Pareto yenyewe si ngeni kwetu. Watu wa Mufindi, Makete na Mbeya wanayafahamu yale maua meupe, vivyo hivyo jirani zetu wa nyanda za juu za Nakuru na wa Musanze kule Rwanda. Ila usidhani kwamba unachokiwasha leo ni ua lililokaushwa. Dawa nyingi za kuwasha sasa zina kemikali za kiwandani zilizoundwa kwa kuiga pareto, na kemikali hiyo ni sehemu ndogo sana ya msokoto. Kilichobaki ni unga wa mbao au wa vifuu vya nazi, pamoja na gundi na rangi. Hicho ndicho kinachoungua chumbani tangu saa tatu usiku hadi alfajiri.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa misokoto iliyouzwa China na Malaysia. Wataalamu walipima zile chembe ndogo mno za moshi ambazo hupita koo na kufika ndani kabisa ya mapafu. Msokoto mmoja ulitoa chembe hizo kwa kiasi cha sigara kati ya 75 na 137, kutegemea aina. Rudia kusoma hesabu hiyo, mama. Mgeni akiwasha sigara moja kando ya kitanda cha mtoto wako mchanga utamtoa nje, hata kama ni mjomba. Halafu wewe mwenyewe unafunga mlango na dirisha, unawasha msokoto chini ya kitanda hicho hicho, unasema mtoto amekingwa.

Sisemi kwamba dawa hiyo haifanyi kazi. Moshi wake hupunguza kuumwa maadamu unawaka na maadamu unapita pale ulipo. Mahali pake ni barazani, watu wanapokula au kuzungumza nje, upepo ukiwa umetulia. Ikiwa nyumba ina mwenye pumu, au mtoto anayekohoa kila usiku bila mafua, ningeanza kwa kuiondoa dawa hiyo chumbani kabla sijakimbilia dawa ya kifua. Na popote unapoiwasha, iweke juu ya kibati chake kwenye sakafu tupu, mbali na pazia, godoro na chandarua.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye umeme havina moshi, na hilo ni jambo jema. Lakini dawa yake ni ya ukoo ule ule, chumba chataka hewa, na umeme ukikatika kinga nayo imekatika.

Dawa ya kopo ya kupuliza inaua, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba inawaua waliomo wakati huo. Mbu anayeingia saa nane usiku hakuti kitu. Ukiitumia, watu wote watoke kwanza, funika chakula na maji ya kunywa, funga mlango kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fungua madirisha chumba kipate hewa kabla mtoto hajalazwa. Kupuliza juu ya kitanda ambacho mtoto tayari amelala si kinga hata kidogo.

Lipo jambo linaloniudhi kuliko yote. Masokoni na kwenye vituo vya mabasi huuzwa dawa katika vichupa visivyo na jina wala maelezo, au imemiminwa katika chupa ya soda. Muuzaji atakuambia ni kali sana, na hapo hadanganyi, maana mara nyingine ni dawa ya mashambani, ya kunyunyizia mazao, isiyotakiwa kuingia nyumbani kabisa. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Usinunue, na kama unayo usiihamishie kwenye chombo cha chakula au kinywaji. Ikitokea mtoto ameinywa, au amemwagikiwa na ukaona anatoka mate na jasho jingi, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini na anapumua kwa shida, usipoteze dakika. Usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ya kuondoa sumu. Iliyomwagikia mwilini mvue nguo na umwoshe kwa maji na sabuni, kisha hospitali, na chupa ile uende nayo ili daktari ajue anapambana na nini.

Tupite haraka kwenye vyombo. Ile taa ya zambarau inayokaanga wadudu kwa umeme inatia moyo sana, maana kila ukisikia tas! unajiona umeshinda. Mwaka 1996 wataalamu wa jimbo la Delaware, Marekani, walichapisha hesabu ya wadudu walionaswa na taa za namna hiyo majumbani. Walikuwa 13,789. Wenye tabia ya kuuma watu walikuwa 31. Waliobaki walikuwa nondo na wadudu wengine wasio na kosa lolote, hata wale wenye faida. Sababu tumeshaitaja: mbu anafuata pumzi yako, si taa. Kwenye bucha au jiko la hoteli taa hiyo ina kazi yake, kwa kuwa nzi huvutwa na mwanga wa aina hiyo, ila isitundikwe juu ya meza ya chakula, kwani nzi akipasuka vipande vyake huanguka.

Vipo pia vidude vinavyosemwa kutoa mlio ambao binadamu hausikii na mbu hauvumilii. Mwaka 2007 wachunguzi walikusanya majaribio 10 yaliyofanywa mahali mbalimbali ili waone kama vinazuia kuumwa. Hawakuona faida yoyote. Fedha hiyo nunulia sukari. Ama ile raketi ya umeme, inaua mbu unayemwona, na watoto huipenda kuliko mpira. Anayekuuma usingizini humwoni.

Mafuta ya kujipaka ni habari nyingine. Yana maana kubwa kwa wale ambao hawawezi kuwa ndani ya chandarua saa za mbu: mama anayeuza chapati na samaki wa kukaanga usiku, mlinzi, watu walioketi nje msibani hadi usiku wa manane. Tazama kwenye chupa kama imeandikwa DEET. Dawa hiyo ilibuniwa Marekani kwa ajili ya jeshi mwaka 1946 na raia wakaanza kuuziwa mwaka 1957, hivyo imetumika kwa muda mrefu na matumizi yake yanaeleweka vizuri. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe. Mkubwa kidogo apakwe na mtu mzima, kidogo tu, pasipo kugusa macho, mdomo, vidonda wala viganja, maana viganja vya mtoto makazi yake ni mdomoni. Akirudi ndani aoshwe.

Najua wapo wanaosema, “Bibi zetu hawakuwa na hayo yote, walikuwa na kivumbasi.” Nao hawakukosea. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002 huko Kenya magharibi, vyungu vya kivumbasi kibichi viliwekwa kwenye vibanda na watu wakakaa ndani pamoja na mbu wa malaria. Kuumwa kulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Si haba kwa mmea usionunuliwa. Lakini geuza hesabu hiyo upande wa pili uone wangapi wamebaki wanauma. Panda kivumbasi karibu na mlango, kinanukia vizuri na kinasaidia, ila kisikufanye uache kufunga chandarua.

Katika kufukuza mbu bila moshi, kitu kilichonipendeza zaidi kimetoka hapa hapa nyumbani. Wataalamu wa Ifakara walichukua utepe mpana uliofumwa kwa mkonge wa Tanzania, wakauloweka katika dawa inayopaa hewani polepole bila kuchomwa, wakaufunga kuzunguka kibanda pale ukuta unapokaribia paa. Walivijaribu kwenye vibanda vya wakulima wanaohamia mashambani msimu wa mpunga, watu wanaolala mahali ambapo hakuna ukuta wa kuaminika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mbu walipungua kwa zaidi ya nusu, ndani ya kibanda na hata nje walipoketi watu.

Mahali walipoufunga utepe huo ndipo penye siri ya nyumba zetu. Mbu wa malaria akifuata pumzi ya waliolala, akakutana na ukuta, hupanda juu. Akifika juu anakuta ule uwazi kati ya ukuta na paa, anaingia. Wewe umefunga mlango na dirisha kwa makini. Yeye amepita juu ya kichwa chako.

Huko Gambia nyumba ziligawanywa makundi matatu kwa kura. Kundi la kwanza ziliwekwa nyavu madirishani na milangoni, na uwazi wa chini ya paa ukazibwa. La pili zilitandikwa dari ya wavu tu. La tatu ziliachwa kama zilivyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Mbu walioingia nyumba za kundi la kwanza walipungua kwa asilimia 59, na zile za dari ya wavu kwa karibu nusu. Tena walipopima damu za watoto, katika nyumba zisizo na wavu watoto wapatao 30 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zenye wavu walikuwa kama 20. Hakuna aliyewasha kitu wala kupuliza kitu usiku ule. Wavu ulikuwepo tu.

Kwa hiyo tazama nyumba yako wakati wa mchana, ukiwa ndani, mlango umefungwa na taa haijawashwa. Kila panapoonyesha mwanga pana njia. Dirisha lenye nondo peke yake ni lango. Pima upana na urefu, nunua wavu wa plastiki unaouzwa kwa mita, ukunje ncha mara mbili ili usichanike, kisha ugongomee kwa vipande vyembamba vya mbao juu yake. Ukigongomea wavu mtupu kwa misumari mitupu, mwezi haupiti utakuwa umenyofoka. Mlango wa wavu usiojifunga ni pambo. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kikifungwa kwenye fremu kitaurudisha kila mtoto anapopita mbio, naye atapita mbio. Chini ya mlango pigilia ukanda wa mpira.

Juu, chini ya paa, usikimbilie kuziba kwa udongo kama ni nyumba ya bati au kama mnapika kwa kuni ndani. Mtakosa hewa na moshi hautakuwa na pa kutokea. Tumia wavu ili hewa ipite. Hata chandarua kilichochakaa, kisichofaa tena kitandani, kikikatwa vizuri kinafaa hapo.

Wapangaji nao wana neno: “Nitatengenezaje nyumba ya mtu?” Ni neno la haki. Fundi akutengenezee fremu nyepesi ya kupachika kwa ndani na kuishika kwa vikwamizo. Siku ya kuhama unaondoka nayo pamoja na masufuria. Sasa chukua daftari, uandike kila sarafu ya dawa ya kuwasha kwa mwezi mmoja, uzidishe kwa 12, ndipo uende kwa fundi kuuliza bei. Nyumba ya vyumba viwili pengine haitaweza yote mara moja. Anza na chumba wanacholala watoto na mama mjamzito.

Wavu wa nyumba hauondoi chandarua kitandani. Kati ya mwaka 2000 na 2015 inakadiriwa kwamba juhudi za kupambana na malaria ziliepusha wagonjwa milioni 663 katika Afrika, na zaidi ya theluthi mbili ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua vyenye dawa. Ni kweli kwamba mbu wa sehemu nyingi wamezoea dawa ya zamani, na ndiyo maana kumetengenezwa vyandarua vyenye dawa mbili. Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vililinganishwa na vile vya kawaida. Baada ya miaka miwili, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2022, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 katika vijiji vya vyandarua vya kawaida, na 25.6 katika vijiji vilivyopata aina iliyofanya vizuri zaidi. Ukipewa kipya kliniki au shuleni, kipokee na kitumie, hata kama cha zamani bado ni cheupe zaidi. Kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Kukifua, tumia sabuni ya kawaida na maji baridi, usisugue kwa nguvu, usitie dawa ya kung'arisha, na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa.

Limebaki suala la mahali wanapozaliwa. Makunduchi, Unguja, mnamo mwaka 1988 walimwaga katika mashimo ya vyoo chembe nyeupe nyepesi za plastiki, zile zinazofanana na vipande vya boksi jeupe la kubebea samaki. Chembe zikaelea juu ya maji kama zulia, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, na mbu wale wenye kelele wakapungua sana. Zulia lenyewe likabaki shimoni kwa miaka. Kwa choo cha nyumbani, mfuniko wa tundu unaokaa sawasawa na kipande cha wavu juu ya bomba la hewa vinazuia mbu na nzi pamoja. Nzi aliyemo shimoni huufuata mwanga wa bomba, hukutana na wavu, na hapo ndipo mwisho wake.

Na pipa la maji, mtungi, sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi nyuma ya nyumba: mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 14, kwa hiyo kumwaga mara moja kwa wiki kunatosha kumkatisha safari. Lakini usimwage tu. Sugua kuta za ndani kwa brashi, hasa pale maji yalipokuwa yanafikia, maana aedesi hubandika mayai yake hapo, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yarudi.